Kidole, Mbu na Udongo Mbele ya Mwanga

Nimeombwa nizungumzie spektroskopia, na nimeona nisianzie maabara bali wodini.

Aliyeuguza mgonjwa wakati wa korona anaijua oksimita, kile kibanio kidogo kinachowekwa kwenye ncha ya kidole. Kinawaka taa nyekundu, kinatulia sekunde chache, kisha kinaonyesha namba. Ikiwa 97, ndugu wanashusha pumzi. Ikiwa 86, muuguzi anaufuata mtungi wa oksijeni. Hakuna sindano iliyochoma wala damu iliyotolewa. Mwanga umepita katika nyama ya kidole, ukatokea upande wa pili umebeba habari za damu iliyomo.

Spektroskopia ni kazi hiyo hiyo: kupeleka mwanga kwenye kitu, kisha kupima ni rangi zipi zimemezwa, zipi zimepita au kurudi, na kwa kiasi gani. Ninaposema rangi sina maana ya zile tunazoziona tu. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto kikapanda. Mwanga huo usioonekana ndio tunaouita infraredi, na sehemu kubwa ya mhadhara huu itakuwa juu yake.

Kwa nini kitu kimoja kimeze rangi hii na kingine ile? Elektroni hukaa katika viwango maalumu vya nishati, nazo hupanda kutoka kiwango kimoja hadi kingine kwa kumeza mwanga wenye nishati ile ile inayotakiwa. Huo ndio msingi wa rangi nyingi tunazoziona. Infraredi hushughulika zaidi na vifungo vinavyounganisha atomi ndani ya molekuli. Vifungo hivyo hutikisika kama nyuzi za gambusi: kila uzi una mlio wake kwa kadiri ya uzito na mkazo wake, na mwanga wenye mtikisiko unaolingana ndio unaomezwa. Kifungo cha kaboni na hidrojeni katika mafuta kina mahali pake, kile cha kaboni na oksijeni katika protini kina pake. Ukichora kwenye karatasi mwanga uliomezwa kwa kila urefu wa wimbi, unapata mstari wenye vilima na mabonde. Mstari huo ndio spektra ya kitu hicho.

Damu ilipimwa kwa njia hii mapema sana. Mwaka 1862 Felix Hoppe-Seyler wa Ujerumani alieleza mikanda miwili ya giza inayojitokeza mwanga unapopita katika damu iliyochanganywa na maji. Miaka miwili baadaye George Stokes wa Cambridge akaonyesha kwamba damu hiyo ikinyang'anywa oksijeni, mikanda miwili inageuka mkanda mmoja mpana. Ikirudishiwa hewa, ile miwili inarudi. Yaani oksijeni katika damu inaonekana kwa rangi. Lakini kuipima kwa urahisi ndani ya mtu aliye hai, bila kumtoboa, kulichukua zaidi ya miaka mia moja. Kidole kina ngozi, mfupa, nyama, damu ya mishipa inayotoka moyoni na ile inayorudi, na vyote hivyo humeza mwanga. Ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, aliyepata njia mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuitangaza mwaka 1974. Alikuwa akipima jambo jingine, na mapigo ya moyo yakawa yanamchafulia vipimo. Badala ya kuyafuta tu, akatambua kwamba sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo inatoka kwenye damu ya ateri peke yake. Ngozi haipigi, mfupa haupigi. Ukiitazama sehemu inayopiga, umeipata damu unayoitafuta.

Oksimita za leo hutumia mianga miwili: nyekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na infraredi, wa nanomita 940 hivi. Hemoglobini iliyobeba oksijeni humeza nyekundu kidogo na infraredi zaidi. Isiyobeba hufanya kinyume. Kifaa hulinganisha viwili hivi na kupata uwiano.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo lililonileta. Uwiano huo bado si ile namba mnayoiona kwenye kioo. Kati ya uwiano na namba kuna jedwali, na jedwali hilo lilitengenezwa kwa watu. Wanaojitolea, vijana wenye afya, huvutishwa hewa iliyopunguzwa oksijeni kidogo kidogo. Wakati huo huo damu ya ateri inachukuliwa na kupimwa kwa mashine ya maabara, na kila uwiano unaandikiwa kiasi cha oksijeni kilichopatikana katika damu. Kwa hiyo oksimita inapokusomea 94, inasema: mwanga wako unafanana na mwanga wa wale waliokuwa na 94 siku ile tulipowapima.

Wale ni nani? Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ulipendekeza kifaa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau wawili, au asilimia 15, kutegemea ipi ni kubwa. Wawili. Mwezi Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa usomaji wa oksimita na vipimo vya damu ya ateri vya wagonjwa wa hospitali. Waliwatazama wale ambao oksimita iliwapa kati ya 92 na 96, namba isiyomshtua mtu. Katika vipimo vya damu vya wagonjwa Weusi, asilimia 11.7 vilionyesha oksijeni chini ya 88. Katika vya Weupe, asilimia 3.6. Tofauti ya zaidi ya mara tatu. Melanini, ile rangi ya ngozi, humeza mwanga, na humeza nyekundu zaidi kuliko infraredi. Kwa hesabu ya Aoyagi ngozi ilipaswa kujifuta yenyewe kwa kuwa haipigi. Katika hali halisi haijifuti kabisa. Na kwa kuwa jedwali lilijengwa zaidi kwa ngozi nyeupe, kosa likaelekea upande mmoja: kumwambia muuguzi kwamba mgonjwa hajambo. Mwezi Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayopendekeza watu 150 au zaidi, wenye rangi mbalimbali za ngozi.

Sisemi haya ili mzitupe oksimita. Zimeokoa watu wengi, na hospitali ndogo isiyo nayo iko gizani zaidi kuliko iliyo nayo. Ninasema kwamba vifaa vingi vya spektroskopia vina jedwali la namna hiyo ndani yake. Likikusanya spektra nyingi, wataalamu huliita maktaba ya spektra. Mwanga huleta mstari wenye vilima na mabonde. Maana ya mstari hutoka kwenye maktaba. Na maktaba ni watu fulani, mbu fulani, udongo wa mahali fulani, uliopimwa na mtu fulani.

Sasa tuje kwa mbu.

Mbu jike wa anofelesi akinyonya damu yenye vimelea vya malaria jioni hii, kesho hawezi kumwambukiza mtu. Vimelea vinahitaji muda ndani yake, kwa kawaida siku 10 hadi 14, ndipo vifike kwenye tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla. Malaria, basi, huenezwa na mbu wazee wachache. Chandarua chenye dawa hakimalizi mbu kijijini; sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzuia mbu wasizeeke. Anayetaka kujua kama vyandarua bado vinafanya kazi hatosheki na idadi ya mbu. Anahitaji umri wao.

Na umri wa mbu unasomwaje? Njia ya zamani ni kumpasua chini ya hadubini na kutazama vifuko vya mayai, kama amewahi kutaga au la. Ni kazi ya mikono mitulivu na macho makali, inachosha, na jibu lenyewe ni ndiyo au hapana, halisemi siku. Tena kuna suala la aina. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishiki kwa macho hata chini ya hadubini, ilhali tabia zao zinatofautiana: gambiae hupenda damu ya binadamu na hupenda kuuma ndani ya nyumba, arabiensis huridhika pia na ng'ombe na huuma nje pia. Kuwatenganisha kunahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho kina gharama zake za kemikali kwa kila mbu.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, pale bonde la Kilombero nchini Tanzania, walianza miaka mingi iliyopita kujaribu mwanga. Mwaka 2009 walichapisha kazi iliyotumia infraredi ya karibu, ile inayopakana na nyekundu, kukadiria umri na aina ya mbu bila kuwaharibu. Baadaye wakageukia infraredi ya kati, ambayo huonyesha vifungo vya kemikali kwa uwazi zaidi. Mbu aliyekaushwa huwekwa juu ya kipande kidogo cha almasi, hubanwa, mwanga hupita ndani ya almasi na kugusa ngozi yake ngumu ya nje. Ngozi hiyo ina kitini, protini na nta, na mchanganyiko wa vitu hivyo hubadilika mbu anapozeeka na hutofautiana kati ya aina na aina. Jicho la mwanadamu likitazama spektra mbili, ya mbu wa siku tatu na ya mbu wa siku kumi na tano, halioni tofauti ya maana. Programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa maelfu ya mifano huiona. Kwa kila mbu aliyekaushwa kupima ni dakika chache, na kipimo chenyewe hakihitaji kemikali.

Matokeo ya kwanza kutoka kwa mbu wa kufugwa yalipendeza mno, na hapo ndipo tahadhari ilipohitajika. Mbu wa maabara hulishwa vizuri, hukaa katika joto lisilobadilika, wote wana damu moja. Mbu wa porini amelelewa katika dimbwi la njiani au jarubani kwenye mpunga, amekosa chakula leo, amepata kesho. Hata mbu wa kufugwa hawafanani kila mahali. Wanasayansi wa Ifakara na wenzao wa Glasgow walilinganisha arabiensis waliofugwa katika sehemu hizo mbili: aina ni ile ile, umri ule ule, lakini programu iliyofundishwa kwa mbu wa sehemu moja ilijikwaa vibaya ilipopewa wa sehemu nyingine. Dawa yake ilikuwa ndogo na yenye funzo kubwa kwa watafiti wote: ongeza katika mafunzo sehemu ndogo tu ya mbu wa mahali papya, na programu inasimama tena.

Kwa njia kama hiyo, mwaka 2022 kundi la watafiti wa Tanzania, Burkina Faso na Uingereza lilichapisha katika jarida la Nature Communications kazi iliyotumia spektra za mbu zaidi ya 40,000, wa gambiae, arabiensis na ndugu yao coluzzii, wenye asili na malezi tofauti tofauti. Programu yao iliweza kukadiria aina na kundi la umri la mbu wa porini wa Tanzania na Burkina Faso kwa kuongezewa sampuli chache za mahali husika. Watu wakisikia habari hii huisifu akili mnemba. Mimi nawasifu kwanza waliokusanya mbu 40,000, mmoja mmoja, wakawakausha, wakawaandika tarehe na mahali.

Taasisi hiyo hiyo ya Ifakara imejaribu mwanga kwenye damu ya watu. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya madoa ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, sampuli 296 kutoka kusini mashariki mwa Tanzania, ambayo kompyuta iliyatenganisha yenye vimelea na yasiyo navyo kwa usahihi wa takriban asilimia 92. Ni mwanzo mzuri. Lakini naomba tuhesabu pamoja. Chukua kijiji cha watu 1,000 ambamo 20 tu wana vimelea, na tuseme kipimo kinakosea mara 8 katika kila 100. Katika wale 980 wasio na vimelea, karibu 78 watatajwa kuwa navyo; katika wale 20, 18 hivi watatambuliwa sawasawa. Kila anayeambiwa ana malaria, uwezekano mkubwa ni kwamba hana. Kipimo cha namna hii kinafaa kwanza kuchora ramani ya maambukizi ya wilaya nzima, hesabu ikirekebishwa kwa makosa yanayojulikana. Kumpa mtu mmoja jibu lake kliniki ni kazi nyingine, na kwa sasa kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaifanya vizuri.

Mtaniuliza kwa nini mbu na damu vikaushwe kwanza. Maji humeza infraredi ya kati kwa pupa, na hufunika kila kitu kingine. Hapo ndipo njia ya pili inapoingia, ile ya Raman. Tarehe 28 Februari 1928, mjini Calcutta, C. V. Raman akifanya kazi pamoja na K. S. Krishnan aliona kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga unaotawanywa na kimiminika hubadilika rangi kidogo. Mabadiliko hayo yanalingana na mitikisiko ya molekuli zenyewe. Alitumia mwanga wa jua, vichujio vya rangi na macho, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo tunatumia leza, na kwa kuwa maji hayaisumbui sana Raman, njia hii inaingia katika tishu mbichi, katika chembe hai, hata katika dawa iliyo bado ndani ya plastiki yake. Wakaguzi wa dawa wana vifaa vya Raman vya kushika mkononi ambavyo huelekezwa kwenye kidonge na kusema kama kinafanana na kidonge halali. Neno ni lile lile: kinafanana na kipi? Kifaa kinahitaji kuwa kimeonyeshwa kidonge halali cha kiwanda hicho. Na penye dawa iliyopunguzwa kipimo, mbinu inayouma zaidi kuliko ile ya kuuza chokaa tupu, kifaa cha mkononi mara nyingi hushindwa, na sampuli lazima iende maabara.

Wanafunzi wa uhandisi wa vifaa nisiwasahau, nao nitawapa mfano wa Mererani, penye migodi ya tanzanaiti. Tanzanaiti ilianza kujulikana duniani mwaka 1967. Ni madini ya zoisiti yenye vanadi kidogo, na vanadi hiyo ndiyo inayomeza mwanga kwa namna inayoacha buluu na zambarau. Jiwe likitoka ardhini mara nyingi lina ukahawia: ukiligeuza kwenye mwanga linatoa rangi tatu, buluu, zambarau na rangi ya tatu inayoelekea manjano au kahawia. Likichomwa katika joto la nyuzi mia tano au mia sita hivi, ile ya tatu inaondoka. Spektra ya jiwe lile lile kabla na baada ya moto huonyesha mkanda uliokuwa ukimeza mwanga upande wa buluu umefifia. Hiyo si hadithi ya wachimbaji tu. Ni sayansi ya vifaa, mabadiliko ya hali ya kemikali ya chembe chache ndani ya fuwele, yakifuatiliwa kwa mwanga bila kulivunja jiwe. Mwanga huo huo hukamata bandia, ikiwemo fosteraiti ya kutengenezwa kiwandani na kutiwa kobalti, ambayo kwa jicho la mnunuzi ni tanzanaiti kamili.

Pale ambapo maktaba ilijengwa hapa kwetu tangu mwanzo ni katika udongo. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF, Nairobi, walichapisha maktaba ya spektra za sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Kila udongo ulipimwa kwa mwanga, na ukapimwa pia kwa kemia ya kawaida. Baada ya hapo, udongo mpya ukiletwa, unakaushwa, unasagwa, unamulikwa, na kwa muda mfupi unapata makadirio ya kaboni, mfinyanzi na kalsiamu iliyomo. Gharama hushuka sana, na ndiyo maana ramani kadhaa za udongo wa Afrika zilizofuata zimeegemea njia hii. Fosforasi inayoweza kufikiwa na mmea, hata hivyo, mwanga huikadiria vibaya, na mkulima akiambiwa vinginevyo na muuza huduma anapaswa kuhoji. Nakitaja kituo hiki kwa heshima kwa sababu kiliona mapema kwamba mashine inanunuliwa kwa siku moja, ilhali maktaba hujengwa kwa miaka, na walioijenga walianza na udongo wa hapa.

Nimesikia mara nyingi vyuo vyetu vikisherehekea kupokea mashine. Mashine ni nzuri. Lakini ninapopata nafasi ya kuuliza, nauliza ni nani atakayepima sampuli kwa njia ya kawaida ili mashine ipate cha kulinganisha, atalipwa na nani mwaka wa tatu mradi ukiisha, na spektra zitahifadhiwa wapi kwa namna ambayo mtafiti wa Bujumbura au Kampala anaweza kuzitumia. Kwa oksimita, swali ni jepesi kulitaja na gumu kulitekeleza: hospitali za rufaa zenye mashine ya kupima gesi katika damu ya ateri ziandike usomaji wa oksimita wa wakati ule ule, pamoja na rangi ya ngozi ya mgonjwa, na aina ya kifaa. Wagonjwa wako pale, damu tayari inachukuliwa kwa sababu za matibabu, kinachokosekana ni fomu na mtu wa kuijaza kwa uaminifu.

Kwa mbu kazi iliyobaki ni ngumu zaidi. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mbu anayebeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ni Anopheles funestus, japo kwa idadi ni mchache kuliko arabiensis. Hakuwemo kati ya wale watatu wa spektra 40,000. Funestus hafugiki kwa urahisi: majike wanaokamatwa porini hutaga wakijisikia, viluwiluwi hukua polepole, na dume hukataa kupanda jike ndani ya kizimba. Ili kupata funestus wa siku moja, wa siku tano, wa siku kumi na mbili, umri wao ukijulikana kwa hakika, mara nyingi ni lazima mtu aende vijijini kukamata majike walioshiba ndani ya nyumba alfajiri, amweke kila mmoja katika kichupa chake akimsubiri atage, alee mayai hayo hadi yawe mbu, na aandike tarehe kila asubuhi. Wapo vijana wanaoifanya kazi hiyo sasa hivi, na vichupa vyao bado ni vichache kuliko vinavyohitajika.